Alama ya Msumari kwenye Diski

Kasha la kwanza kurudi bila diski lilirudi na mfuniko wa kopo la majarini ndani yake. Mtu aliukata ule mfuniko ukawa duara safi, akautoboa tundu katikati, akaulaza pale pa diski, akafunga kasha vizuri na kuja kunirudishia na uso wa mtu aliyefurahia filamu. Nikaandika "imerudi" kwenye fishi yake, ile kadi ya kuazimia, nikamtakia Jumapili njema. Siku tatu baadaye akaja mama mwingine kuiazima filamu ile ile, na jioni yake akarudi akiwa ameushika ule mfuniko kwa vidole viwili.

"Papa Diplome," akaniambia, "deki yangu inakula diski, haikulaka majarini."

Jina hilo, Papa Diplome, lilinikaa mtaa mzima. Nilikuwa nimemaliza sekondari nikiwa na ndevu, katika shule ya jioni, kwenye darasa lile lile lililokuwa mbele ya maktaba yetu. Darasa lilikuwa na mbu wengi kuliko wanafunzi, na mpaka leo naamini kuna mbu waliofaulu kunipita. Walimu wastaafu walioanzisha maktaba waliniona nikibaki kila jioni kupanga viti na kufuta ubao, wakasema huyu apewe ufunguo. Ndivyo nilivyokuwa mlinzi wa vitabu, mwandikaji wa fishi, mfagiaji na, kwa maneno yangu mwenyewe, mkurugenzi wa idara ya DVD.

Idara ilikuwa rafu moja. Lakini rafu hiyo njo ilikuwa maktaba yenyewe. Vitabu vyetu vilikuwa vya Kifaransa, vizee, vimevimba kwa unyevu wa ziwa mpaka kimoja kilihitaji nafasi ya vitatu. Watu walivipita kwa heshima, kama unavyompita mgonjwa aliyelala, wakaenda moja kwa moja kwenye DVD. Nikisema walikuja elfu kumi kila wiki, mtanisamehe; labda walikuwa thelathini, ila walipiga kelele za elfu kumi.

Ilikuwa miaka ile barabara ya Nyunzu ilipokuwa ikitema watu waliokimbia vita. Walifika na magodoro kichwani, na kuku mmoja, na mara nyingine bila hata huyo kuku, wakajenga vibanda vya majani na hema pembezoni mwa mji wetu wa Kalemie. Ndani ya mji nako kila nyumba ilikuwa na familia mbili au tatu. Watu wakijaa hivyo katika chumba kimoja, filamu si anasa. Inawanyamazisha wote kwa saa mbili, na wanaangalia kitu kingine badala ya kuangaliana.

Kwa hiyo diski ziliibwa. Ziliibwa kwa namna ambazo sitamaliza kuzieleza. Baada ya ile ya majarini nikaacha makasha matupu rafuni na diski zenyewe nikazifungia kwenye sanduku la mbao lenye kufuli mbili, chini ya meza yangu. Ukitaka filamu, unaleta kasha, mimi nafungua kufuli ya kwanza, nafungua ya pili, nakupa. Nilijiona gavana wa benki. Wiki mbili tu, wakaanza kunirudishia diski ambazo si zetu: zinang'aa vizuri, nyeupe juu, na ndani hakuna kitu. Zetu tukazikuta zikionyeshwa kwenye sali ya video, ukumbi wa kulipia, karibu na bandari, na mwenye sali anatuapia kwamba alizipata Uvira. Nikaandika jina la maktaba kwa kalamu ya rangi juu ya kila moja. Wakalifuta kwa petroli.

Papa Direkta, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa kiongozi wetu, akaniambia, "Linda hii mali, ama tunafunga hii rafu na watu watarudia vitabu." Alisema hivyo kama tishio, maskini, mtu aliyependa vitabu maisha yake yote.

Jumanne moja akaingia mama mmoja wa kutoka upande wa Nyunzu. Nilimjua ametoka huko kabla hajasema, kwa vumbi la mawe mikononi: wanawake wengi wa vibandani walikuwa wakiponda mawe ya kujengea. Alikaa kwenye benchi, akafungua fundo la kitenge chake, ndani yake fundo jingine, na ndani ya fundo la pili diski moja bila kasha, imefungwa kwa karatasi ya daftari.

"Papa, naambiwa hapa munalindaka hizi vitu."

"Tunalinda, Mama. Kuliko benki."

"Hii si ya kuazimisha watu. Ni ya kuniwekea tu. Kule kwenye kibanda mvua inaingia, watoto wanakanyaga. Siku nyingine nitakuja niiangalie hapa."

Nikamwuliza ina nini. Akasema ni proklamasio ya shule ya kijiji chao, siku ya kutangaza matokeo ya mwisho wa mwaka. Mpiga picha wa Kalemie alikuwa amepanda treni mpaka kule, akarekodi, akatengenezea wazazi diski. Binti yake alikuwa amemaliza darasa la sita mwaka ule.

"Mutoto iko wapi sasa?" nikauliza, na nilijua ni swali baya likiwa bado mdomoni.

"Alibaki njiani," akasema. "Homa. Tulimuzika karibu na reli." Halafu, kwa sauti ile ile, "Picha yake ingine sina. Iko mule tu."

Umeme haukuwako siku hiyo. Yeye kuja katikati ya wiki ni kupoteza siku ya kazi, basi tukapatana Jumamosi. Akaniomba niitazame kwanza kama ingali inatembea, maana imepita mito miwili. Nikamwambia hiyo ni sheria yetu hata hivyo: kila diski mpya lazima nione yote ili niandike fishi yake.

Jumatano umeme ukarudi, nikaiweka kwenye deki. Ilitembea bila kukwama. Nami nikawa naitazama jinsi watu wa kazi wanavyotazama: jicho moja kwenye televisheni, jicho lingine kwenye kamusi iliyokuwa imevunjika mgongo, ambayo nilikuwa naigundisha. Kwenye fishi nikaandika: "Proklamasio. Hali nzuri." Nilijivunia mwandiko wangu.

Ijumaa nikapita kwa mama wa viti. Huyu alikuwa mjane wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa ziwani, Waislamu, na kazi yake ilikuwa kukodisha viti vya plastiki, sufuria na mabeseni kwa harusi na kwa kilio. Kule kwetu kilio kinakaa siku nyingi, na viti vinatembea: kiti kinatoka kilio hiki kinaenda kingine, kinalala kwa jirani, kinasahaulika. Cha kwake hakikupotea kamwe. Nilimwuliza siri yake. Akanigeuzia kiti kimoja juu chini. Kwenye mgongo wake kulikuwa na herufi mbili zimezama ndani ya plastiki, nyeusi, na kingo zake zimeinuka.

"Rangi inafutwa, mwanangu," akasema. "Karatasi inabanduliwa. Lakini msumari wa moto, huyo mwizi ataufuta na nini? Na wewe una diploma, hukujua?"

"Kwenye diploma hawakutufundisha viti, Mama."

"Basi chukua mafunzo ya bure. Plastiki ni plastiki."

Kila mtu wa Kalemie anajua alama hizo. Sahani za kilio zina alama hizo, vidumu vya maji, ndoo, hata jeneza la mfano lililokuwa dukani kwa fundi mmoja lilikuwa nayo kwenye kishikio. Sikuona sababu diski iwe tofauti na kiti. Tena mimi nilikuwa mwangalifu: nilijua kwamba upande unaong'aa ndio uso wa diski, na uso hauguswi. Alama ningeweka upande wa juu, wenye maandishi, ambao hauna kazi.

Niliwasha mbabula, jiko la makaa, nyuma ya maktaba, nikauweka msumari wa inchi sita mpaka ukawa mwekundu, nikaushika kwa koleo. Diski ya kwanza nikaichora herufi mbili ndogo za jina la maktaba, karibu kabisa na tundu. Nikaijaribu: ikatembea. Ya pili: ikatembea. Baada ya hapo sikujaribu tena. Ajaribu nini mtu aliyevumbua? Mkono ukapata kasi, herufi zikanenepa, zikashuka kutoka kwenye tundu kuja nje. Moshi wake ulinuka kama mwisho wa dunia, na mimi nikawa naimba. Nilizimaliza zote, mia na zaidi, jua halijazama.

Zikaisha za kuazimisha, ikabaki ile ya karatasi ya daftari.

Ile haikuwa ya kutoka. Haikuhitaji alama yoyote. Lakini nilifikiri: kama kuna moja ambayo haifai kupotea, ni hii. Nikaurudisha msumari motoni, nikaungoja uwe mwekundu kuliko mara zote, na nikaipa alama kubwa kuliko zote, herufi zote mbili, kwa kina, pande mbili za tundu. Niliipuliza ipoe. Nikaifunga tena kwenye karatasi yake, nikaweka chini kabisa ya sanduku, kufuli ya kwanza, kufuli ya pili.

Jumamosi mama akaja, amenawa, amevaa kitenge kingine. Umeme haukuwako. Hiyo Jumamosi ya kwanza haukuwako kweli, mtaa mzima. Tukakaa tu kwenye benchi, na kwa sababu hatukuwa na la kutazama, akaniambia habari ambayo Jumanne hakuniambia. Siku ya proklamasio yeye hakuwako shuleni. Alikuwa amelazwa hospitali Nyunzu. Dada yake ndiye aliyesimama mahali pake. Binti alipokuja hospitali kumsalimia, bado na poda ya pongezi kwenye nywele, alisema: Mama, walinipa mikro, nikasema kitu juu yako.

"Nikamuuliza, ulisema nini? Akakataa. Akacheka. Akasema, sikuambie, utasikia mwenyewe kwenye diski."

"Na hukuisikia?"

"Diski ilikuja, tukaenda kwa mwalimu mwenye jenereta. Wakaanza na watoto wa la kwanza, wa la pili. Walipofika la tano, mazuti ya jenereta ikaisha. Tukasema tutarudi Jumapili ingine." Alikunja ncha ya kitenge chake. "Kabla ya ile Jumapili tulikimbia."

Alipoondoka nilikaa nikijaribu kukumbuka. Niliiona Jumatano, si zamani. Nilimkumbuka msichana amesimama, na mikro. Maneno hayakuja. Nikajiambia si kitu, Jumamosi ijayo tutasikia pamoja.

Umeme ulirudi Jumanne. Nikaitoa ile diski kwa haraka kabla hata ya kufungua madirisha, nikaiweka kwenye deki. Deki ikaizungusha, ikanguruma, ikatulia, ikaandika kwamba hakuna diski ndani. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ikaandika vile vile. Nikachukua filamu nyingine kutoka kwenye sanduku: nayo hivyo. Nyingine: ikatembea. Nyingine: hakuna diski. Nusu ya rafu yetu ilikuwa imekufa, imelindwa dhidi ya wezi milele.

Nilizunguka na ile moja kwenye deki zote za Kalemie, na nikisema zote ni karibu na ukweli. Mtengeneza redio karibu na stesheni ndiye aliyenieleza. Aliigeuza, akanionyesha duara la plastiki tupu linalozunguka tundu.

"Ungebaki hapa, hakuna shida. Hapa hakuna kitu. Lakini mashine inaanza kusoma kati, halafu inaenda inje. Hapa njo mlango." Akagusa shimo la msumari wangu. "Umeunguza mlango, Papa. Vyumba viko vizima, hakuna mwenye ataingia."

Nilimtafuta mpiga picha. Alikuwa amevuka kwenda Kigoma. Mke wake akanionyesha kaseti zake za kamera, zimepangwa vizuri kwenye kabati. Hakukuwa na ya shule yoyote. Kaseti ni ghali, akasema, zote alizirekodia harusi juu.

Jumamosi ya pili nilimwambia mama hakuna umeme. Jumamosi ya tatu nilimwambia tena, na sikujiamini, nikang'oa fyuzi kabla hajafika. Mimi, ambaye mtaa mzima ulinijua kwa mdomo, nilikaa naye kwenye benchi nikiwa sina hata hadithi moja. Yeye hakulalamika. Alikaa kidogo, akauliza kama mvua haifiki kwenye sanduku, akaenda zake kwa miguu, saa nzima mpaka vibandani.

Jumamosi ya nne redio ya jirani ilikuwa ikiimba kwa sauti ya kutikisa ukuta.

"Umeme iko," akasema mama, kabla hajakaa.

"Iko, Mama."

Akangoja. Nikafungua kufuli ya kwanza, nikafungua ya pili, nikamletea ile karatasi ya daftari, nikaikunjua mbele yake, nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianza na wezi, na kopo la majarini, na sali ya video. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaichukua diski, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya zile herufi.

"Hii njo nini?"

"Njo alama ya biblioteki yetu, Mama. Nilitaka isiibiwe."

"Nani angeiiba?" Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. "Papa, nani angeiba mutoto wangu mwenye alikufa?"

Redio ya jirani iliendelea.

"Uliiangaliaka mbele ya kuiunguza?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote," nikasema, na ilikuwa nusu ya ukweli.

"Basi sema."

Nikaanza. Nikamwambia uwanja ulijaa watu mpaka juu ya miti, na jina la binti yake lilipotajwa wote wakasimama, na mwalimu mwenyewe akatoa machozi.

"Papa." Aliweka mkono juu ya benchi kati yetu. "Usiongeze. Sema ile tu uliona."

Sikuwa nimezoea kusema hivyo. Halafu nikamwambia: kulikuwa na uwanja wa shule, na watoto wa la sita kwenye mstari. Mwalimu alikuwa na karatasi. Akaita jina. Msichana mmoja akatoka, mwembamba, amesukwa nywele. Alitembea akiburuza miguu kidogo; nilifikiri ni aibu.

"Si aibu. Viatu vilikuwa vya mutoto wa jirani. Vikubwa." Macho yake yalikuwa kwenye televisheni iliyozimwa. "Endelea."

Mwanamke mwenye kitenge cha kijani akaja na poda, akammwagia kichwani, nyingi, ikamwingia machoni. Akajifuta kwa bega.

"Ule njo dada yangu. Hakupimaka kitu, yule. Endelea."

"Halafu mwalimu akampa mikro."

"Ndiyo."

"Akaishika kwa mikono miwili. Akaikaribia sana, ikapiga kelele, watu wakacheka. Akairudisha nyuma."

"Akasema nini?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo siku ishirini na moja. Ninachokumbuka ni sauti ndogo, ya juu, sentensi moja, labda mbili, na watu wakapiga makofi. Wakati ule nilikuwa nimeinama chini ya meza. Brashi ya gundi ilikuwa imeanguka na nilikuwa naitafuta kwa mkono. Niliponyanyuka, mikro ilikuwa tayari kwa mtoto mwingine.

Ningeweza kumpa maneno. Niliyajua maneno ambayo mtoto wa la sita anamwambia mama yake aliyelazwa hospitali. Ningeweza kuyapanga pale pale, mazuri, na angeyachukua akaenda nayo. Yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Lakini alikuwa amesema nisiongeze.

"Sikusikia, Mama," nikasema. "Alisema. Watu walipiga makofi. Sikusikia nini."

Aliirudisha diski kwenye karatasi yake, akaifunga kwenye fundo la kwanza, na la pili. Nilidhani atasimama. Akabaki amekaa, fundo kwenye mapaja, amenigeukia kidogo. Watu wawili walikuja na makasha yao, nikawaambia tumefunga. Wakamwona, wakaondoka.

Alikaa mpaka saa ya kufunga ikapita. Alikuwa ananingoja, pengine nikumbuke. Nami nilikaa nikijaribu.